UMEME UKIKATIKA, BIDHAA YAKO INAKUMBUKA NINI?

Leo somo ni refu kidogo, chukua chai kabisa. Linawahusu zaidi wale wanaotengeneza vifaa vidogo vya umeme na kuviuza mtandaoni: inkubeta, taima za pampu, mizani, mabango ya taa. Ila hata wewe unayeagiza tu mzigo na kuuza, sehemu yako iko huku chini, usiondoke.

Nianze na kilichonikuta.

Mimi nauza inkubeta, zile mashine za kutotoleshea vifaranga. Boksi ananitengenezea seremala wa mtaani kwetu, ubongo wake naufunga mwenyewe: Arduino Nano, sensa ya joto, rilei, kioo kidogo na vitufe vitatu. Sikusomea haya mambo. Nilimaliza fomu foo, matokeo hayakuwa ya kupeleka popote, nikafungua kiduka cha kuuza chaja na kutengeneza redio. Mengine nimejifunza YouTube usiku, saa ambazo bando ni la bei rahisi.

Mama mmoja wa Singida aliona tangazo langu, akanunua mashine ya mayai 96. Nikamtumia kwa basi. Nikamwelekeza kwa simu: bonyeza kitufe cha juu mpaka kioo kisome 37.5, basi, umemaliza. Akaweka mayai ya kienyeji. Hela ya mayai alikopa kwenye kikoba, na vifaranga vilishapata wenyewe kabla hata havijatoka, majirani watatu walikuwa wametanguliza nusu ya pesa.

Siku ya 11 usiku umeme ulikatika kwao dakika chache tu, ukarudi. Alfajiri yake yeye akasafiri kwenda msibani. Nyumbani alibaki binti yake, akaachiwa maagizo: "Ukiona taa ya ndani inawaka na kuzima, mashine iko sawa. Wewe geuza mayai na uongeze maji." Taa ikawa inawaka na kuzima. Binti akageuza mayai, akaongeza maji. Kila alichoambiwa alikifanya.

Mama aliporudi akasoma kioo. Pale pa kuhesabu siku, palipotakiwa pasome 14, palisoma 3. Joto lilikuwa 30. Akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine yako imesahau."

"Imesahau nini mama?"

"Imesahau kila kitu nilichoiambia. Imeanza moja."

Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Mayai ya kuku yanataka nyuzi 37.5 hivi kwenye mashine yenye feni, kwa siku 21. Yeye mayai yake yalikaa kwenye 30 karibu siku mbili na nusu, katikati kabisa ya safari. Katika 96 vilitoka vifaranga saba.

Sasa kwa nini 30? Hapo ndo aibu ilipo. Wakati natengeneza programu mezani kwangu niliandika joto la kuanzia ni 30, ili nisisubiri muda mrefu boksi lipate moto kila ninapojaribu. Nikasahau kuibadilisha. Na ile 37.5 aliyoiweka mama kwa vitufe, mimi niliihifadhi sehemu ambayo umeme ukikatika inafutika. Mezani kwangu sikuwahi kuliona hilo kwa sababu kila nikiwasha mashine naweka joto upya mwenyewe. Mkono ulishazoea.

DENI LA KICHWANI NA DENI LA DAFTARINI

Wenye maduka hii mtaielewa haraka kuliko wenye vyeti.

Chipu iliyo kwenye Arduino Nano inaitwa ATmega328P. Ndani ina kumbukumbu za aina tatu. Ya kwanza ni flashi, kilobaiti 32, hapo ndipo programu yako inakaa. Ichukulie kama yale maelekezo unayompa kijana wako wa dukani siku ya kwanza: fungua saa moja, sukari bei hii, usikopeshe mlevi. Haibadiliki badiliki.

Ya pili ni RAM, kilobaiti 2. Hiki ni kichwa cha kijana wako. Mteja akisema "niwekee mbili, nakuja", anakumbuka kichwani. Haraka, rahisi, lakini akilala usingizi akaamka, hakuna kitu. Kwa chipu, kulala ni umeme kukatika.

Ya tatu inaitwa EEPROM. Kwenye chipu hii ni baiti 1,024, yaani vyumba 1,024, na kila chumba kinabeba namba moja kuanzia 0 mpaka 255. Hili ndilo daftari la madeni. Kijana alale, aamke, aende likizo, kilichoandikwa kiko pale pale. Mita yako ya LUKU umeme ukikatika masaa sita, ukirudi unakuta yuniti zako zilezile. Hazikukaa kichwani zile, ziliandikwa.

Kinachofanyika mle ndani ni kwamba kila herufi ya sifuri au moja inawekwa kwa kuzifungia chembe za umeme ndani ya kisehemu kilichozungushiwa ukuta usiopitisha umeme. Umeme wa nje ukiondoka, zile za ndani hazina pa kutokea. Karatasi ya maelezo ya chipu inasema data inaweza kukaa miaka 100 kwenye joto la nyuzi 25. Mimi na wewe hatutakuwepo kudai.

Mashine ya mama wa Singida daftari ilikuwa nalo. Muda wote. Ni mimi niliyekuwa namwandikia madeni kichwani.

NIKAREKEBISHA, NIKAHARIBU TENA

Nilijifungia siku mbili. Laibrari ya EEPROM inakuja pamoja na programu ya Arduino, hununui wala hupakui. Kuandika ni EEPROM.write, kusoma ni EEPROM.read. Kwa kuwa chumba kimoja hakipiti 255 na hakijui nukta, niliigawa 37.5 mara mbili: chumba cha 0 kinabeba 37, chumba cha 1 kinabeba 5. Chumba cha 2 siku. Nikaona mimi ni injinia.

Nikaweka kwenye chipu mpya, nikawasha, nikaenda kula. Narudi nasikia harufu ya mbao inayoungua. Balbu inawaka haizimi, kioo kinasema joto linalotakiwa ni 255.255.

Kumbe chumba cha EEPROM ambacho hakijawahi kuandikwa hakisomi sifuri. Kinasoma 255. Chipu mpya ni daftari lenye 255 kila mstari, na programu yangu ikaamini kwamba mteja anataka nyuzi 255. Ingekuwa nimemtumia mtu mashine ile akaiwasha akaenda sokoni, leo tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa.

Dawa yake ni muhuri. Unachagua chumba kimoja, mimi nimechagua cha 0, unaweka namba yako ya siri, tuseme 77. Mashine ikiwaka kitu cha kwanza inasoma chumba hicho. Ikikuta 77 inajua daftari ni la kwetu, inaendelea kusoma. Ikikuta kitu kingine inasema hili daftari ni jipya au limeharibika, inaandika setingi za kuanzia halafu inapiga muhuri. Na hizo setingi za kuanzia ziwe za kazi, sio za majaribio yako ya mezani. Kwangu sasa ni 37.5. Hata kila kitu kikifutika, mayai yatapona.

Juu ya muhuri weka na mipaka. Joto likisomeka chini ya 35 au juu ya 39, programu ilikatae, irudi kwenye 37.5. Usimwamini daftari hata kama muhuri upo.

Basi, nikauza mashine tatu zenye programu hiyo mpya. Nililala vizuri wiki tano. Wiki ya sita mmoja akapiga, mashine yake kila ikiwashwa inarudi kwenye joto la kuanzia, na siku zinasoma namba za ajabu. Nikamwambia airudishe.

Hili kosa ndilo nataka ulisome taratibu, maana wanaojifunza YouTube kama mimi wengi tunalo.

Mimi nilikuwa nimeweka EEPROM.write ndani ya loop, ule mzunguko mkuu wa programu unaojirudia bila kukoma. Wangu ulikuwa unazunguka mara mbili kwa sekunde. Kila ukizunguka unaandika joto na siku, hata kama hakuna kilichobadilika. Nikajua naongeza usalama.

Daftari la EEPROM linaandikwa kwa penseli. Ili uandike kipya unafuta cha zamani kwanza. Na unakumbuka shule, ukifuta sehemu ileile kila siku karatasi inakuwa nyembamba, mwisho inatoboka. Ule ukuta usiopitisha umeme niliousema, kila ukiandika unalazimisha umeme uupenye, na kila mara unachoka kidogo. Watengenezaji wa ATmega328P wanakuhakikishia kila chumba kitahimili kuandikwa na kufutwa mara 100,000. Inasikika nyingi. Chukua kikokotoo: mara mbili kwa sekunde ni mara 7,200 kwa saa. 100,000 gawa kwa 7,200 unapata chini kidogo ya masaa 14.

Masaa 14! Yaani mteja anawasha mashine asubuhi, kabla hajalala uhai wote aliouhakikishiwa umekwisha. Vyumba vingi vinavumilia kupita hapo, ndiyo maana mashine ilifika wiki ya sita, lakini hapo ulikuwa hauuzi tena bidhaa, unauza bahati. Kusoma hakuna tatizo, soma hata mara milioni kwa siku. Kinachochosha ni kuandika.

NINAVYOFANYA SASA

Kwanza niliiacha EEPROM.write, natumia EEPROM.update. Hii inasoma chumba kwanza, ikikuta namba ni ileile haigusi, ikikuta imebadilika ndo inaandika. Ipo pia EEPROM.put, ambayo inaweza kuandika namba yenye nukta moja kwa moja bila kuigawagawa kama nilivyofanya mimi, na yenyewe inatumia njia hiyohiyo ya update ndani yake. Kuisoma ni EEPROM.get. Angalia tu kwamba namba yenye nukta inakula vyumba vinne, sasa ukiweka moja chumba cha 1, nyingine ianzie cha 5. Ukiianzishia cha 2 zitakaliana.

Pili, vitufe. Mteja anapopandisha kutoka 37.0 hadi 37.5 anabonyeza mara tano. Ukiandika kila anapobonyeza umeandika mara tano kwa kazi ya mara moja. Mimi nasubiri. Akibonyeza, taima inaanza kuhesabu sekunde tano. Akibonyeza tena, inaanza upya. Zikipita tano bila kuguswa, hapo ndipo naandika, na kioo kinaonyesha "IMEHIFADHIWA". Hilo neno lina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Mteja akiliona anatulia, na mimi kwenye simu namuuliza swali moja tu: "Mama, umeona imehifadhiwa?" Kama hakuona najua alizima mapema.

Tatu ni hesabu ya siku, na hii ilinisumbua. Ukihifadhi siku mara moja kwa masaa 24, umeme ukikatika saa ya 23 umepoteza karibu siku nzima. Ukihifadhi kila dakika unachosha chumba. Nikaamua kuhesabu kwa masaa. Siku 21 ni masaa 504, kwa hiyo namba inakaa kwenye vyumba viwili. Kila saa naandika mara moja. Mashine ikifanya kazi mwaka mzima bila kupumzika ni mara 8,760. Gawa 100,000 kwa hiyo, unapata miaka 11 na kitu. Boksi la mbao lenyewe halifiki huko, na umeme ukikatika nimepoteza lisaa limoja tu.

Kuna wenzangu watasema weka saa yenye betri yake, ile DS3231. Ni kweli, ukiwa nayo mashine inajua hata muda uliopita wakati umeme haupo, maana betri ya kidonge inaendelea kuisukuma. Ninaiweka kwenye mashine kubwa. Kwenye ndogo inaongeza gharama, na mteja wa mashine ndogo anaulizia bei kabla ya salamu.

Nne, umeme wenyewe. Kwetu umeme haukatiki tu, mara nyingine unapungua, taa zinakuwa za njano, unarudi, unapungua tena. Kuandika chumba kimoja kunachukua kama milisekunde 3.3. Ni fupi, lakini umeme ukishuka katikati ya hapo chipu inaweza kuandika takataka. Ndani ya chipu kuna mlinzi wa kuangalia volti: zikishuka chini ya kiwango fulani anaizuia isifanye kitu mpaka zipande. Kwenye bodi za Arduino huwa amewashwa tayari. Tatizo ni sisi mafundi tunaonunua chipu tupu ili tupunguze gharama, tunaichomea kwenye bodi yetu, na huyo mlinzi tunamwacha amelala kwa kuwa hatujui kama yupo. Mwamshe.

Mimi naongeza na jumla. Kwenye daftari la duka chini ya ukurasa unaandika jumla, ukija kesho unajumlisha upya, zikigongana unajua kuna mtu kachezea. Mashine nayo inajumlisha namba za setingi zote, inaandika jumla kwenye chumba cha mwisho. Ikiwaka inajumlisha tena. Zisipolingana inasoma nakala ya pili ambayo nimeiweka mbali, kuanzia chumba cha 100. Vyumba 1,024 nilitumia havifiki 30, nibane ya nini?

Na hii ya mwisho kwa wanaotengeneza ilinikuta juzi juzi tu. Ukipakia programu mpya kwa waya wa USB, EEPROM haifutiki. Ni jambo zuri, setingi za mteja zinabaki. Lakini nilirudishiwa mashine ya zamani, nikapakia programu mpya ambayo mpangilio wa vyumba ni tofauti, na ikawa inasoma siku mahali pa joto. Mipaka ndiyo iliyoniokoa. Sasa kila nikibadilisha mpangilio nabadilisha na muhuri. Zamani 77, halafu 78, sasa 79. Programu mpya ikikuta muhuri wa zamani inajua daftari hili lilipangwa vingine. Ila kama unapakia kwa programa ya nje inayofuta chipu yote, EEPROM nayo inafagiliwa, isipokuwa uwe umeweka ile fyuzi ya EESAVE.

WANAOTUMIA ESP, NJOONI HUKU

ESP8266 na ESP32 ni zile chipu zenye WiFi, bei yake nzuri, kila mtu anazikimbilia. Ujue ESP8266 haina EEPROM ya kweli. Laibrari yake ina jina lilelile la EEPROM, lakini inachofanya ni kukata kipande cha flashi na kukigeuza daftari. Unaanza na EEPROM.begin ukitaja baiti ngapi unataka, unaandika, na mwisho LAZIMA uite EEPROM.commit. Usipoita, maandishi yako yako kwenye RAM. Ukisoma yapo, yanaonekana mazuri kabisa, unajipongeza. Zima uwashe, hayapo. Kijana mmoja nafahamiana naye aliuza taima za pampu kumi za namna hiyo, zote zikarudi, nauli ya kurudisha juu yake.

Halafu kila commit yenye mabadiliko inafuta kipande kizima cha baiti 4,096, hata kama ulibadilisha baiti moja. Kwa hiyo ile hesabu ya uchovu inakuhusu zaidi wewe.

ESP32 tumia Preferences. Hapo hukumbuki namba za vyumba, unavipa majina. Unasema tu putFloat, jina "joto", thamani 37.5. Yenyewe inasambaza maandishi kwenye kurasa tofauti ili pasichakae sehemu moja. Jina lisizidi herufi 15. Ukiita "joto_la_mashine_ya_mayai" halihifadhi, utabaki unajiuliza umekosea wapi.

WEWE UNAYEUZA TU

Huna haja ya kujua chochote nilichoandika hapo juu. Unahitaji soketi moja na dakika kumi.

Mzigo ukifika, chukua kipande kimoja kati ya kila aina: themostati, taima, bango la taa, feni yenye rimoti, stebilaiza. Weka setingi ya ajabu ambayo kiwanda hakiwezi kuwa kimeiweka, mfano 33.7. Subiri sekunde kumi. CHOMOA kwenye soketi, usizime kwa kitufe chake, kwa sababu vingine ukivizima kwa kitufe vinahifadhi vizuri lakini ukivichomoa ghafla vinasahau. Mteja wako umeme wake unakatika ghafla. Subiri dakika mbili tatu, maana kapasita za ndani zinaweza kushikilia umeme kidogo zikakudanganya. Chomeka. Kama imerudi 33.7, piga picha ya kioo, hiyo picha weka kwenye tangazo. Nimeona wateja wakiniuliza "inahifadhi?" kabla ya kuuliza bei. Kama haikurudi, sema ukweli kwenye tangazo: umeme ukikatika utaset upya. Kuna watakaonunua hivyohivyo, ila hawatakupigia simu saa nane usiku.

Wa mizani za kidijitali kuwa makini zaidi. Mizani ikiwa mpya inafundishwa: hili jiwe ni kilo moja. Somo hilo linakaa kwenye kumbukumbu hii hii. Ikilipoteza, itasoma kitu lakini si kweli, na muuza nyama aliyenunua kwako ndiye atakayegombana na wateja na Wakala wa Vipimo. Pima kitu kimoja kabla ya kuchomoa na baada.

Na wauza vilivyotumika: kisichosahau hakisahau pia ya mwenye nacho wa kwanza. Ruta, kamera za WiFi, soketi za kuwasha kwa simu, vyote vinabeba jina na nywila ya WiFi ya mtu. Rudisha setingi za kiwanda mbele ya aliyekuuzia.

KUHUSU YULE MAMA

Najua mtauliza. Nilimrudishia hela ya mayai yote 96, kwa 600 kila moja, ni 57,600. Faida yangu kwenye mashine ile haikuwa hata hiyo. Nikamtumia ubongo mpya kwa basi, nauli juu yangu, na fundi redio wa pale kwao akamfungia huku mimi nikielekeza kwa video. Majirani zake watatu sikuweza kuwafanyia kitu, aliwarudishia mwenyewe.

Kabla ya kuweka mayai mengine alinipigia, akaniweka spika, akachomoa mashine ukutani. Tukakaa kimya wote wawili, nasikia kuku wake nje. Akachomeka.

"Inasema ngapi mama?"

"Subiri. Thelathini na saba nukta tano."

"Na masaa?"

"Yapo. Hebu nichomoe tena."

Alichomoa mara sita siku ile. Mimi siku hizi nachomoa mara 20 kila mashine kabla haijaingia kwenye katoni, nyingine wakati inaongeza joto, nyingine wakati nabonyeza vitufe, na mara ya mwisho naiacha usiku kucha. Hapa naandika kuna mbili mezani, moja imefika mara ya 14.

Ukikwama andika hapo chini chipu unayotumia na kinachotokea ukizima na kuwasha. Nitajibu usiku nikifunga duka.